Waya wa Zizini

Mume wangu aliponiletea redio ya mkononi, ile ya transista yenye mkanda wa kuning'iniza begani, jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza chini juu nikitafuta waya wa ardhini. Haukuwepo. Nikamuuliza, "Sasa hii inasimama wapi?" Akacheka mpaka akatafuta kigoda. Alikuwa ameibeba kutoka mjini ikiimba njia nzima, imepita mashamba ya mtama na makorongo makavu bila kunyamaza, akaifikisha nyumbani kwetu Kenyamonta ikiwa bado inaimba, na mimi mkewe naulizia mahali pa kuifunga kama mbuzi.

Basi acheke. Redio niliyoijua mimi haikuhama hata hatua moja. Mwili wake ulikaa nyumbani kwa mama, ukutani, na mguu wake ulikuwa ndani ya zizi la ng'ombe. Kaka yangu aliitengeneza kwa mikono yake huko Nkende, Tarime, miaka ya hamsini, kabla hatujajua kwamba sauti inaweza kubebwa begani. Na kama si redio ile, huyo mwanamume aliyekuwa ananicheka ningeishi naye kwa namna nyingine kabisa. Au nisingeishi naye.

Kaka ndiye aliyeniachia ziwa, na kwetu Wakurya hilo si jambo la kupita tu. Ng'ombe watakaotolewa kunioa mimi ndio watakaotoka tena kumwozesha yeye. Tangu tukiwa wadogo wakubwa walitutania kwa hilo. Nikivunja chungu, shangazi alimwambia kaka, "Mchunge huyo, anakuharibia zizi lako." Nami niliudhika kweli, maana nilikuwa mwepesi wa hasira na sikuona kwa nini niwe zizi la mtu. Kaka hakuwahi kucheka utani ule. Alikuwa akiniangalia kidogo, kisha anaendelea na kufungua kitu alichokuwa anakifungua. Siku zote alikuwa na kitu anachokifungua.

Alipopata ujana alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, akimbebea ngazi fundi wa umeme. Wenzake walirudi na mashati na baiskeli. Yeye alirudi na gunia la takataka: waya mwembamba wa shaba alioufungua kwenye mota iliyoungua, visikizio vya kuvaa masikioni ambavyo upande mmoja ulikuwa umekufa, na jiwe dogo la manjano linalong'aa. Baba alilitazama lile jiwe, akafunga mlango, akamwita mama. Kesho yake asubuhi alikuwa mjini dukani nalo, limefungwa kwenye kona ya kitambaa. Mwenye duka akaligeuzageuza kwenye mwanga akamrudishia. "Hii inang'aa bure, mzee," alimwambia. Baba alirudi nyumbani akalitupia kwenye gunia la kaka.

Kaka aliposhika jiwe lake tena, alilipanda kwenye kizibo cha soda alichokijaza risasi iliyoyeyushwa, likasimama. Waya wa shaba akauzungusha kwenye chupa tupu, mzunguko kwa mzunguko, ukalala vizuri kama uzi kwenye kikapu kilichosukwa na fundi. Waya mwingine mrefu akautoa juu ya paa mpaka kwenye mkaratusi wa jirani. Halafu akaingia zizini na kipande cha mtarimbo wa chuma akakipigilia ardhini katikati kabisa, pale ng'ombe wanapopenda kusimama na kukojoa, akakizungushia miiba wasikikanyage, akavuta waya kutoka pale mpaka ndani ya nyumba. Baba alisimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma.

"Na betri yake iko wapi?" aliuliza, maana alikwisha kuona redio kubwa ya pale dukani.

"Haina betri, tata."

"Inakula nini basi?"

"Haili kitu. Inachukua kilichopo hewani tu."

"Kitu kisichokulaga hakiishi," baba alisema, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo aliiita litungu, zeze letu la nyuzi nane, lisilo na mpigaji.

Lakini ilisema. Ukivaa kile kisikizio kizima na kuligusa jiwe kwa ncha ya sindano ya waya, ukahangaika, ukabandua, ukagusa pengine, ghafla katikati ya mchakacho anatokea mtu anaongea Kiswahili kutoka Kisumu, mbali huko, ng'ambo ya mpaka. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtu aliye nyumba ya tatu. Na kwa kuwa sikio lilikuwa moja, msikilizaji alikuwa mmoja. Wengine walikaa wakimtazama usoni.

Kaka alinifundisha mimi. Mama alishangaa, kwa sababu nilikuwa na sifa ya kutokukaa. Alizoea kusema nimekalia siafu. Kaka akamjibu kwamba ndiyo maana. Jiwe lile lina mahali pachache panaposema na mahali pengi bubu, alisema, na mtu mtulivu ataweka sindano mahali pamoja asubiri mpaka azeeke. Vidole vya mtu asiyetulia ndivyo vinavyofaa. Sijawahi kusifiwa namna hiyo tena.

Kisha jeshi likaja kuchukua vijana, naye akaenda. Alikuwa na mwili na alijua waya, wakampenda. Asubuhi ya kuondoka aliingia kwa mama kuaga, mama akiwa amejiinamia kwenye mafiga hataki kumtazama. Akaweka mkono juu ya ile chupa yenye waya. "Nawaachia hii, mama. Ikisema, mjue nipo." Lilikuwa neno la kumfariji tu, neno la mtu anayetafuta mlango atokee. Mama alilishika kama alivyolishika.

Tulikaa muda mrefu hatuna habari. Tulisikia wamevushwa bahari, wako kwenye nchi ya misitu na mvua isiyokatika, wanapigana na watu wanaojificha. Kila jioni mama aliniuliza, "Imesema?" Nikijibu imesema, alipakua chakula. Hakuuliza imesema nini. Ingeweza kutangaza mafuriko duniani kote, mradi imesema.

Kiangazi kimoja, askari aliyekuwa naye kikosi kimoja alirudi likizo, mtu wa kwetu, akaja kutuona. Baba alimkalisha, mama akamletea uji wa mtama, mimi nikasimama kwenye nguzo ya mlango kwa sababu kukaa nilikuwa siwezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura," baba alimwitikia, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana. "Mwanangu yupo?"

"Nilimwacha mzima, mzee. Lakini mimi nimeshakaa njiani siku nyingi." Alikuwa mkweli, naye aliona mama alivyoshtuka, akaharakisha. "Walikuja watu na mashine ya kushika sauti. Kila mmoja anasema salamu za nyumbani, halafu zinaletwa Nairobi, na Kisumu nao wanazitoa. Jumamosi jioni, jua likikaribia kuzama. Yeye alisema. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari."

"Alisema nini?" nilidakia, kabla ya wakubwa.

"Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilisikia anataja ng'ombe. Ng'ombe wa dada yake."

Wote wakanigeukia. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Maana ng'ombe wangu walikuwa wamekwisha kuja. Walitoka Kenyamonta wiki ile ile, wamechoka, kwato zimejaa vumbi la njia ndefu, wakajaza zizi letu mpaka ndama wakalala nje. Mwanamume mwenyewe nilimwona mara moja tu, mnadani, upande wa pili wa fahali. Masikio yake yalikuwa makubwa, yamesimama, nami nikawaza angalau ana pa kuvalia kisikizio. Sikumchukia wala sikumpenda. Nani angemchukia mtu aliyemwona kwa dakika chache juu ya mgongo wa ng'ombe? Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikuwa nimezoea kujiuliza. Nilichokuwa nacho ni kutotulia tu. Nilichota maji kabla hayajaisha, nikafagia pasipo na taka, nikagombana na shangazi kwa sababu ya mwiko.

Jambo moja nililiona wakati ule, nikalipita. Tangu ng'ombe wale waje, redio iliongea kwa nguvu kuliko siku zote. Hata ukikivua kisikizio na kukiweka mezani ungeisikia ikinong'ona. Mama alicheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Imefurahia mahari yako," aliniambia.

Baba alikuwa na haraka. Alikuwa amekwisha kuongea na watu wa ukoo ng'ambo ya mpaka, wenye binti wa kufaa, na alitaka ng'ombe wapite moja kwa moja kutoka kwangu kwenda kwa mke wa kaka, kaka awepo asiwepo. Majani yalikuwa yamekwisha, wezi wa mifugo walikuwa wanazunguka, na ng'ombe wa mahari akikaa zizini kila ndugu huanza kumhesabu kuwa wake. Mama alimwomba angoje salamu. Kijana ametaja ng'ombe, alisema. Huenda anasema waende, huenda anasema wakae. Utampeleka mtoto wa watu kwa mume ambaye hujui neno lake?

"Nitangoja," baba alisema. "Lakini nyasi hazingoji."

Jumamosi ya kwanza walisema Wakisii, na Wajaluo wengi, na mtu mmoja wa Maragoli aliyelia. Niliwaambia wote waliokaa mule ndani kila jina na kila neno, maana mimi ndiye nilikuwa mdomo wa redio. Mama alisikitika kwa ajili ya mama wa yule wa Maragoli kana kwamba ni jirani yake. Wetu hakusema. Jumamosi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Baba aliinuka kabla sijavua kisikizio, akaita vijana. Jumatatu wakawaswaga ng'ombe wangu kuelekea Sirari, mpakani, na wale wa kwetu wenyewe wakapelekwa kwa ndugu mmoja bondeni kulikobaki majani. Zizi likabaki na milango wazi na nzi wachache.

Siku zilizofuata redio ilianza kufifia. Nilidhani ni vidole vyangu. Kufika Jumamosi haikusema kabisa. Niligusa jiwe mahali pote nilipopajua, nikagusa nilipokuwa sipajui. Nililisugua kwa majivu. Nilipanda paa nikaufuata waya kwa mikono mpaka kwenye mkaratusi, mzima. Nilifungua na kufunga kila fundo. Hata mchakacho haukuwepo, ule mchakacho ambao zamani niliulaani. Nyuma yangu mama alikuwa kwenye kigoda chake, mikono mapajani.

"Imesema?"

Nikaligusa jiwe tena. Ndilo kosa la watu wa kwetu, tukipata habari mbaya hatuisemi, tunaiacha ikae kati yetu mpaka kila mtu aione.

Mama akainuka akaenda kuzima moto. Aliondoa kuni moja moja akazisokomeza kwenye majivu, na chakula kilikuwa hakijaiva. Ikisema mjue nipo, kijana alikuwa amesema. Haikusema tena. Kwake hesabu ilikuwa fupi hivyo, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kesho yake alivua shanga zake. Shangazi alikuja, wakaja na majirani, wakakaa naye chini. Shangazi alikuwa na wembe kwenye kitambaa, kwa sababu mama anayefiwa hunyolewa, na mama alitaka kunyolewa. Baba akakataa kwa ukali. Hakuna maiti, hakuna mjumbe, mnamlilia nani? Wakabishana mpaka wakakubaliana: Jumamosi nyingine ipite. Isiposema, Jumapili asubuhi atanyolewa, na mji utalia.

Baba alisema kwa ukali, lakini nilimwona alivyokuwa akizunguka ua, akishika hiki na kukiacha. Nikajua nilikorithi kutotulia kwangu. Naye alikuwa anaogopa.

Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira na kaka. Nilimkasirikia kwa neno lake la kijinga la mlangoni, kwa kuacha sauti yake kwenye chupa kana kwamba chupa haivunjiki, kwa kunifundisha wapi pa kugusa bila kunifundisha kwa nini. Nilikuwa nikishinda na kile kisikizio sikioni hata saa za mchana ambapo hata siku nzuri hakisemi sana. Nilivunja sindano moja nikatengeneza nyingine. Shangazi alisema nimwache marehemu apumzike, nikamjibu neno ambalo sitaliandika.

Katikati ya wiki nilikasirika kabisa, nikaufuata waya wa zizini. Nilikuwa nimeufuata mara nyingi kwa macho. Safari hii niliuvuta. Ule mtarimbo ukatoka mzima mzima mkononi mwangu. Nilimkumbuka kaka alivyoupigilia kwa jiwe mpaka jasho linamtoka, na baadaye baba alivyojaribu kuung'oa akashindwa. Sasa ulitoka kama kijiti kwenye majivu. Nikainama nikatia mkono kwenye shimo. Vumbi. Zizi lote lilikuwa vumbi la mavi makavu, jeupe, linapeperuka. Pale katikati ambapo miguu ilikuwa ikizama, ardhi ilikuwa imepasuka.

Nilikaa chini pale pale zizini, mimi nisiyekaa. Kisha nikarudisha mtarimbo, nikakimbilia ndani, nikachukua maji ya mama ya kunawia, nikayamwaga shimoni, nikakimbia tena ndani kuvaa kisikizio.

Mchakacho. Mdogo mno, wa panya kwenye mabua. Lakini ulikuwepo, na nilipokiangusha kisikizio kwa furaha na kukivaa tena ulikuwa bado upo, kisha taratibu ukazama, ardhi ilipokwisha kunywa.

Nilimkuta baba nyuma ya ghala. Sikumwamkia hata.

"Tata, inakulaga."

"Nini inakula?"

"Redio. Ulisema kisichokula hakiishi. Inakula maji. Ng'ombe ndio walikuwa wanainywesha, pale wanapokojoa. Umewaondoa, imekauka. Haijafa kwa sababu ya kaka. Imekufa kwa kiu."

Alinitazama. Nilitegemea anigombeze kwa kumtajia mikojo mtu mzima wa umri wake. Aliingia zizini, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye zile nyufa kama anavyomshika ng'ombe mgonjwa kujua joto lake. Nadhani aliliona lote kwa pamoja: kijana amesema neno juu ya ng'ombe, na yeye kwa kuwaondoa ng'ombe amelifungia neno nje.

"Maji mengi kiasi gani?" aliuliza.

"Sijui. Mengi. Na asubuhi na jioni, maana jua linayanywa."

Chemchemi yetu ilikuwa chini ya mteremko, na kiangazi kile ilitoa kwa taabu. Mama alikuwa amelala. Shangazi alisema hatabeba maji ya kumwagia mavi wakati kuna msiba. Nikabeba peke yangu jioni ile mpaka shingo ikakataa, na zizi likanywa yote bila kuonyesha kitu. Asubuhi nilipoamka, debe halikuwepo.

Mwanamume wa Kikurya hachoti maji. Anaweza kuchimba kisima, anaweza kupigana juu ya mahali pa kunyweshea, lakini kushuka chemchemini na debe, mchana, kati ya wanawake, hapana. Mzee mwenye mvi ndiyo kabisa. Baba yangu nilimkuta anapanda mteremko, debe begani, maji yanamchuruzika mgongoni, na nyuma yake wanawake wote wa chemchemi wamesimama na vibuyu vyao, hakuna anayeteka. Nilitaka kumpokea. "Pita huko," alisema. "Kachukue lingine."

Alibeba siku zile zote. Watu walikuja mpaka njiani kutazama. Mwanamume mmoja wa rika lake alimwita kwa jina la mke, na baba akapita kama hakusikia. Siku ya pili alileta na magadi yaliyobaki, yale wanayolambishwa ng'ombe, akayakoroga kwenye debe kabla ya kumwaga. Nikamuuliza ya nini. "Ng'ombe hanywagi maji matupu," alisema. Sijui alijuaje, au kama alijua. Lakini jioni ile nilipogusa jiwe, mtu wa Kisumu alisema wazi, "Hii ni habari," nikapiga kelele mpaka mama akainua kichwa.

Jumamosi ilipofika kila mtu alijaa nyumbani kwa mama, shangazi na kitambaa chake chenye wembe magotini. Baba hakuingia. Ardhi ilikuwa bado na kiu, na akiacha kumwaga kidogo tu sauti ilikuwa inarudi nyuma, kwa hiyo alikaa zizini na madebe yake, akimwaga polepole kwenye mtarimbo, kata kwa kata. Ukuta tu ulikuwa kati yetu. Nilimsikia akipumua.

Walianza Wakisii. Vidole vyangu vilikuwa havitulii, nikamwomba Mungu vihangaikie mahali panapofaa. Wakaja Wajaluo. Sauti ikazama, nikaita, "Maji!" ikapanda. Halafu mtangazaji akasema Tarime, na kabla sijavuta pumzi mama alikuwa amekinyakua kisikizio akakibana sikioni kwa mikono miwili.

Uso wake sitausahau. Hakusikiliza maneno, nina hakika. Alisikiliza koo la mtoto wake likisafishwa kabla ya kusema, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. "Ni yeye," alisema. "Ananiamkia. Marahaba, baba. Marahaba!" Akajibu kwa sauti kubwa, kana kwamba mvua ile ya kwenye bati bado inanyesha. Kisha akalia na kunisukumia kisikizio, kwa kuwa machozi yalikuwa yamemzuia kusikia.

Nikashika yaliyobaki. Kaka aliongea upesi, kama mtu anayesukumwa mgongoni. "Ng'ombe wa dada wasinitolee mke kabla sijarudi. Na kabla hawajaguswa, dada aulizwe kama ameridhika na huko anakokwenda. Kama hakuridhika, warudi walikotoka. Mimi nitajitafutia. Jamani, mimi mzima." Basi. Akaja mtu mwingine, wa Musoma.

Nje maji yalikuwa bado yanamwagika. "Amesema?" baba aliita kupitia ukutani.

"Amesema, tata! Mzima!"

Kata ikaanguka. Mle ndani wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, shangazi amekwisha kuuficha wembe kifuani kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Halafu baba akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na ng'ombe? Amesemaje juu ya ng'ombe?"

Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyelisikia neno lile kwa masikio yake. Ningeweza kulikata, ningeweza kulirefusha. Nilisogea nikaweka mdomo kwenye ufa wa ukuta, nikamwambia lote kama lilivyokuja, na lile la kuulizwa nikalisema haraka, kwa aibu, kama naomba kitu cha mtu mwingine. Nikaongeza, kwa kuwa hasira yangu haikuwa mbali, "Lakini wameshavuka mpaka."

Nikasikia hatua zake. Nilidhani ameondoka. Kumbe alikuwa amesogea upande wake wa ufa.

"Na wewe," alisema baba, "umeridhika?"

Mimi, niliyedakia maneno ya wakubwa maisha yangu yote, sasa niliombwa langu. Nilitafuta huku na huku kama ninavyotafuta kwenye jiwe, na kila nilipogusa palikuwa bubu. "Sijui," nilimwambia. "Sijawahi kuulizwa."

"Basi fikiri," alisema. "Nimekuuliza mimi."

Wiki ile alivuka mpaka kwa miguu akaongea na wale ndugu. Ng'ombe wakabaki kwao kama amana, hawagawanywi, hawachinjwi, mpaka kijana arudi. Akatuma neno na Kenyamonta kwamba binti bado anafikiri, jambo ambalo huko walilichukua kama kichaa cha watu wa Tarime, isipokuwa mwanamume mmoja mwenye masikio makubwa, aliyejibu kwamba yeye ana muda.

Nami nilifikiri. Nilifikiri nikifagia, nikafikiri nikisaga, nikagundua kwamba mtu aliyeulizwa hulala usingizi mbaya kuliko yule asiyeulizwa. Mvua zilichelewa mwaka ule. Kila Jumamosi baba alishuka chemchemini na debe lake na kurudi kumwagia zizi tupu, tupate kusikia kama kijana atasema tena. Wanawake walikwisha kumzoea, wakawa wanampisha ateke kwanza. Lakini yule wa rika lake aliyemwita kwa jina la mke hakuchoka. Siku moja alisimama kwenye ua wetu mbele ya watu, akaegemea fimbo yake, akamwambia, "Mura, kila siku maji, maji. Zizini hakuna hata mkia. Unanywesha ng'ombe gani?"

Baba alimaliza kwanza kumimina.

"Wa binti yangu," alisema. "Bado hajanijibu."